Koki ya Kwenu, Ufunguo kwa Mtani

Kabla sijasema lolote jema juu ya yule mtu, na mema yake yapo, niseme kwanza kwamba alikuwa hanawi mikono. Injinia mzima wa maji! Mtu aliyekula mshahara wa serikali kwa kupandisha maji kutoka bondeni mpaka huku juu Newala, ambako bibi zetu walishinda mteremkoni kwa ajili ya ndoo moja, akitoka chooni anajifuta kwenye suruali, halafu anakunyooshea mkono akusalimie. Mimi ni nesi. Mikono ya watu ndiyo kazi yangu. Miaka yote tuliyokaa jirani, ukuta kwa ukuta, sikuwahi kuupokea mkono wake bila kwenda kuusugua wangu kwa sabuni, na yeye alikuwa akiniona nikienda, anacheka.

"Mtani, hiyo sabuni unaimaliza bure," ananiambia. "Uchafu wangu mimi ni wa kisomi."

Tulikuwa watani, hilo lijulikane mapema. Mimi Myao wa Masasi, yeye Mmakonde wa palepale Newala, na kati ya watu wetu utani ni wa tangu zamani. Unamtukana mwenzako, unamvua kofia unaondoka nayo, unaingia jikoni kwake unafunua sufuria, na atakayekasirika ndiye atakayeonekana hana adabu. Kwa hiyo shikamoo mimi sikuwahi kumpa, ingawa kwa umri alitosha kuwa baba yangu mdogo. Asubuhi nikimkuta barazani namwambia, "Bado hujafa tu, mla panya? Mbona unanuka kama umeshakufa?" Naye anajibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza, Myao." Wapita njia wanacheka. Wallahi mimi nilikuwa sitanii. Alikuwa ananuka kweli.

Kuoga alioga kwa kikombe. Si ndoo, si kopo, kikombe cha chai chenye mkono uliovunjika. Nusu kwa uso, nusu kwa makwapa, basi, mtu kamaliza. Alisema amekulia huku juu siku ambazo maji yalikuwa ya kunywa tu, na mwili wake umezoea. Msimu wa mabibo ndio ulikuwa unanitoa roho. Anakaa barazani na karai la mabibo, anabana moja moja kwa meno, maji yanamtiririka mpaka viwikoni, nzi wanamfuata huko viwikoni, na yale makapi anayatema mbele ya mlango wangu. Akimaliza anavuta ugoro. Kitambaa chake cha ugoro sitakielezea. Kuna watu wanasoma haya wakiwa wanakula.

Watu wengi walidhani anapenda bao, kwa sababu neno lake la kila siku lilikuwa mchezo. Maji ni mchezo. Umeme ni mchezo. Ndoa ni mchezo. Wazee wakamwita kwenye bao lao, wakagundua hajui hata kupanga kete. Michezo yake ilikuwa ya kwenye vitabu. Alikuwa na vitabu vya nadharia ya michezo, vinene, vyenye madoa ya mabibo, na alivisoma kwa sauti kama mtu anayesoma hitima. Alikuwa akisema wahandisi wenzake wamesoma nusu tu ya kazi. Wanajua kuongoza bomba, wanajua kuongoza pampu, lakini kwenye ncha ya kila bomba kuna binadamu ameshika koki, na huyo hawajui kumuongoza.

"Tazama boya," alimwambia binti yangu Salma siku moja, akiwa amefunua tenki la choo changu bila kuniomba ruhusa. "Maji yakipungua linashuka, linafungua. Yakijaa linapanda, linafunga. Halina askari, halina mwenyekiti. Linapata habari ya maji na linajirekebisha lenyewe. Sasa binadamu boya lake limekatika. Hata tenki likifurika, yeye anafungua tu, maana anaogopa mwenzake asijefungua zaidi. Kazi yangu ni kumtafutia boya."

"Boya lenyewe ni nini?" Salma akauliza.

"Ni mwenzake," akasema. "Usiulize mtu ni mwema au mbaya, hiyo kazi waachie mashehe na mapadri. Uliza tu, akifanya ubaya, nani anao uwezo wa kumrudishia?"

Salma alikuwa kidato cha pili, hesabu zinamkimbia. Yule mzee alimkalisha barazani msimu mzima na kumfundisha kwa subira ambayo sijaiona kwa mwalimu wa kulipwa. Hakumfokea hata siku moja. Leo Salma yuko chuo anasomea uhandisi, na nikisema si yeye aliyemfikisha nitakuwa mwongo. Ndiyo maana hasira yangu haikai sawa. Ningependa awe mbaya mtupu nikamsahau, lakini ndiyo hivyo.

Ungetaka kumwona alivyo, ungemwona kwenye sinia la pilau. Tulikuwa kwenye harusi, mimi upande wa wanawake, wao wanaume kwenye sinia lao hapo jirani, na mkeka wetu ulikuwa unasikia kila kitu. Akaanza somo. "Angalieni wenyewe," anasema, "hapa kila mmoja anakula mbio. Kwa nini? Kwa sababu mwenzake anakula mbio. Ukila polepole peke yako wewe ni mjinga, utaondoka na njaa. Mkila mbio wote, mtapaliwa wote. Hakuna mlafi hapa, ila wote mnafanya ulafi. Huo ndio mchezo." Wanaume wakaduwaa. Mmoja akaacha tonge hewani. Wakaanza kubishana, je, wakikubaliana kula polepole, nani atakuwa wa kwanza kuvunja? Walipoinamia sinia tena nyama ilikuwa imeisha. Iliishia upande wake, mifupa imepangwa vizuri. Tulicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka pia. Nikikumbuka leo nasonya.

Kazi yangu ilikuwa kijiji cha Lihanje, kwenye zahanati. Maji yanatoka tenki kubwa la juu, yanafuata bomba moja mpaka njia panda, na pale yanagawanyika: koki moja ya kijiji cha Nambudi, Wamakonde, koki moja ya Lihanje, Wayao. Nambudi wako pua na mdomo na njia panda. Lihanje tuko mwisho. Basi Nambudi walikuwa wanafungua ya kwao mpaka mwisho na ya kwetu wanaibana. Si kwamba wana kiu sana. Wana visima vya sementi uani, vile vya kukinga mvua ya bati, na kiangazi kila nyumba inataka kukijaza chake kutoka bombani, kwa kuwa jirani anajaza chake. Huku kwetu kinafika kikojo cha mbuzi.

Unajua zahanati bila maji ikoje? Mama mjamzito anakuja kujifungua na ndoo yake kichwani. Akimwaga njiani, amekwisha. Mashuka tunayafunga kwenye mfuko tukayafue kwetu Newala, na huo mfuko unapanda nao bodaboda umeukumbatia, joto, harufu, dereva anageuza shingo upande. Damu sakafuni unaifunika mchanga. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utoto, mama yangu alikuwa akinishangaa kusomea unesi, lakini nilisomea kwa sababu hiyohiyo. Nilitaka niwe mahali ambapo uchafu unaondolewa. Na sasa nalipwa kuufunika mchanga.

Nikamfuata Injinia barazani. "Mzee wa michezo," nikamwambia, "nipatie maji zahanati. Ukishindwa, nitakuja kukumwagia mashuka yangu hapa."

Alitafuna kidogo, akatema. "Nipe muda," akasema.

Alichobuni kilikuwa kizuri, na mpaka leo nasema kilikuwa kizuri. Aliita mkutano wa vijiji vyote viwili palepale njia panda. Kila koki alikuwa ameitengenezea sanduku la chuma lenye kufuli. Akasema, ufunguo wa koki ya Nambudi atakaa nao mtu wa Lihanje. Ufunguo wa koki ya Lihanje atakaa nao mtu wa Nambudi. Siku ya Lihanje, Nambudi ndiye anayewafungulia. Siku ya Nambudi, Lihanje ndiye anayefungua. "Wenzenu wakiwapunguzia," akasema, "msije ofisini. Zamu yao ikifika, wapunguzieni kiasi kilekile. Wakirudisha, rudisheni. Bila ugomvi. Mtafundishana wenyewe, na baada ya muda hakuna atakayepunguza."

Watu wakaguna, wakaelewa, wakapiga makofi. Nambudi wakapendekeza katekista wao ashike ufunguo. Lihanje wakapendekeza mwalimu mkuu. Injinia akakataa wote.

"Ashike mtani," akasema. "Ufunguo ni jambo zito, litaleta chuki. Kwa mtani halileti chuki."

Jamani! Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Wote tukasema, huyu ni mtoto wa hapa, anajua mila, hakutuletea mambo ya kitabuni tu. Nambudi wakamtoa Mama Kosmasi, Mmakonde mnene mwenye sauti, ambaye hakuna msiba wala ngoma bila yeye. Lihanje wakamtoa Baba Zainabu, Myao mwenzangu, mgane, mtu wa utani mpaka msikitini wanamkanya. Walipokabidhiwa funguo Mama Kosmasi alisema, "Wayao, kuanzia leo mtaoga nikitaka mimi." Baba Zainabu akamjibu, "Na nyie Wamakonde hamna hasara, kuoga wenyewe hamjui." Nikamtazama Injinia na makwapa yake nikacheka mpaka nikakaa chini. Siku ile nilimpenda yule mzee, sina haja ya kuficha.

Maji yalikuja. Yalikuja zahanati yakitoa sauti bombani, kwanza mekundu, kisha meupe. Nilimwaga sakafuni ndoo baada ya ndoo, nikapiga magoti na brashi, nikasugua kona ambazo hazijaona maji tangu jengo lijengwe. Wamama walijifungua wakaogeshwa maji ya moto. Nilikuwa nikirudi Newala mikono mitupu, bila mfuko wa mashuka, na dereva wa bodaboda akaanza kunipigisha hadithi. Kiangazi kizima kilipita hivyo.

Kiangazi kilichofuata maji yakaanza kupungua.

Baba Zainabu alisimama njia panda na kupaza sauti, "Mama Kosmasi! Leo umetupimia kwa kijiko!" Na yeye kutoka upande wa pili, "Kunyweni umande, Wayao!" Watu wakacheka. Zamu ya Nambudi ilipofika, Baba Zainabu akawapunguzia kidogo, kama walivyofundishwa, na Mama Kosmasi akapiga ukelele wa furaha: "Ahaa, mtani umelipiza!" Zamu yetu, naye akapunguza. Kila wiki koki zinazungushwa nyuma kidogo, na kila wiki matusi yanakuwa matamu zaidi. Walitungiana mpaka nyimbo. Huku bombani kwangu maji yanakuwa uzi, yanakuwa tone, yanakatika.

Nilimwambia Baba Zainabu, "Hebu acheni utani sasa, zahanati imekauka."

"Nesi," akaniambia, "mimi nikienda kulalamika kwa mtani nitaonekana mtu gani? Ngoja atachoka. Akirudisha nami narudisha."

Nikamwambia Injinia. Wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu, haonekani barazani, anashinda shambani kwake. Alinisikiliza akichokonoa meno. "Kuna malalamiko yamefika ofisini?" akauliza. Nikamwambia hakuna, wanacheka tu. "Basi mchezo unakwenda," akasema. "Subiri, utatulia."

Binti yake Baba Zainabu, Zainabu mwenyewe, alikuja kujifungua mwisho wa kiangazi. Mimba ya kwanza. Alikuja asubuhi anatembea, na ndoo kichwani kama zamani, nusu yake ilikuwa imemwagika kwa uchungu uliompata njiani. Kabla yake nilikuwa nimezalisha mwingine, na sakafu ilikuwa na mchanga wenye damu. Kisima cha zahanati kilikuwa kimebaki tope. Nilishusha kopo, likapanda na mjusi aliyevimba. Nikachuja yale maji kwa kitambaa, nikayachemsha, nikatia dawa, na hayo ndiyo yaliyopatikana. Nzi walikuwa wengi kiasi cha kusikika. Zainabu akageuza uso ukutani.

"Nesi, pananuka," akasema. Kisha akaona haya. "Samahani. Pengine ni mimi."

Aliniomba samahani yeye! Sijaisahau hiyo, na sitaki kuisahau.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Zainabu alirudi nyumbani, akapata homa, homa ikapanda, wakamleta kwangu anatetemeka. Nikampakia gari la kwanza nililopata hadi hospitali ya Ndanda. Kule madaktari na wauguzi walifanya yote yanayofanywa, niliona kwa macho yangu, lakini uchafu ulikuwa umeshaingia damuni. Tulirudi naye amefunikwa.

Kwenye maziko ya kwetu mtani ana kazi. Anazuia jeneza njiani, anadai apewe kitu, anamsema marehemu, watu wanacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Mama Kosmasi alikuja. Alisimama katikati ya njia na ndoo ya maji kichwani, jeneza likasimama, sote tukangoja aseme. Akaitua ndoo miguuni pa Baba Zainabu.

"Baba Zainabu, sitanii," akasema. "Nakuapia mbele ya huyu mtoto. Siku ile ya kwanza uliyolalamika kijiko, mimi nilikuwa nimefungua mpaka mwisho. Mpaka koki ikagoma."

Baba Zainabu akamtazama. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani unatania."

Hapo ndipo vijiji viwili vikajua kwamba hakuna aliyeanza. Maji yalikuwa yamepungua yenyewe kabla ya njia panda, na wao wakawa wanaadhibiana kwa kosa ambalo halikutendwa.

Siku za matanga zilipokwisha, Baba Zainabu, Mama Kosmasi na mimi tulitoka njia panda tukapanda kulifuata bomba kuelekea tenki kubwa. Nchi yote kavu, majani yamekuwa rangi ya mchanga, na mbele yetu tukaona kijani. Mtaro uliofukiwa karibuni, udongo wake umelowa. Tukaufuata mpaka kwenye uzio wa mabua. Ndani kulikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho, mistari kwa mistari kwenye vifuko vyeusi, na kando yake mchicha umestawi wa kupita kiasi. Katikati kulikuwa na tenki juu ya matofali, na lilikuwa linafurika. Maji yanamwagika chini tu, bata wanaogelea kwenye tope. Nikapanda juu ya matofali nikachungulia. Hakuweka boya.

Mlinzi hakutuficha. Akatuambia mwenye shamba ni Injinia, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na kuhamia Masasi.

Nilitapika pale. Si kwa sababu ya harufu. Palikuwa panapendeza, pana ubaridi, ndege wanalia. Nilikumbuka kile kikombe chake cha kuogea.

Nilidhani Baba Zainabu atakwenda polisi. Alikaa chini kwenye ule udongo mbichi, akaufinya finya mkononi. "Nitasema nini?" akauliza. "Ni mtani wangu pia huyu. Miaka yote namwita mwizi mbele za watu, watu wanacheka. Leo nikaseme ni mwizi, nani atajua kama ni kweli?" Mama Kosmasi alimwendea mlinzi. Alichukua panga lake, akalikata lile bomba dogo la mtaroni lililochepusha maji yetu, akaliziba kwa kijiti na mpira. Maji yalirudi njia panda siku hiyohiyo.

Mwaka huu Salma alinipigia kutoka chuoni. "Mama, ukienda Masasi mpitie mwalimu wangu, mpe salamu. Mwambie bado namkumbuka na boya lake." Salma hakuwahi kuambiwa. Nilitafuta mwanya wa kumwambia nikakosa, basi nikaenda.

Nyumba yake iko chini ya yale majabali ya Masasi, nzuri, ya bati jekundu. Nilimkuta uani kwenye kigoda, karai la mabibo mbele yake, maji yanamtiririka viwikoni. Amekonda, amebaki macho. Bomba la uani lilikuwa linadondoka tone tone na hakuna anayelijali. Alifurahi kuniona, hilo halikuwa la kuigiza. Akanyoosha mkono. Nikajifanya nahangaika na mkoba.

"Mbona hunitukani leo, mtani? Umeokoka?"

Nikampa salamu za Salma. Machozi yakamlengalenga. Akauliza anasoma nini hasa, anasoma kwa vitabu gani, akatikisa kichwa kwa furaha. Nilingoja amalize.

"Injinia," nikasema, "lile bomba la kitaluni kwako."

Hakushtuka hata kidogo. "Mlilikata," akasema. "Miche yangu ilikufa yote. Sikununa, utani ni utani."

"Zainabu alikufa."

Akashusha bibo. "Lilinisikitisha sana lile. Nilituma rambirambi. Lakini zahanati kuwekwa mwisho wa laini, hilo ni kosa la waliochora ramani, si la mchezo. Mchezo ulikwenda kama ulivyotakiwa."

"Wewe ulikuwa wapi kwenye huo mchezo?"

"Mimi?" Akanishangaa. "Mwenye kuuchora mchezo hachezi, mtani. Anakaa nje."

Nikakumbuka mkutano, vigelegele, funguo. "Na kwa nini ulitaka funguo zishikwe na watani?"

Ahaa! Uso ulimng'aa kabisa. Alijiweka sawa kwenye kigoda kama siku zile anamfundisha Salma. "Hapo ndipo penye utamu wenyewe! Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mpe mwalimu mkuu ufunguo: maji yakipungua, kesho yuko ofisini, keshokutwa wakubwa wanakuja kupima bomba. Mtani hashitaki. Mtani akipunjwa anacheka, anangoja zamu yake. Chochote kikipungua kwenye laini, wao wenyewe wanakimaliza kati yao kwa kicheko, huku juu hakisikiki kitu. Mfumo unajituliza. Mhandisi gani amewahi kufikiria hivyo?"

Alikuwa anangoja nimsifu.

"Nakuonea kinyaa," nikamwambia. "Sikiliza vizuri, sitanii. Nimekuonea kinyaa tangu siku ya kwanza, nilidhani ni mikono yako, kumbe mikono ndiyo safi. Wewe ni mtu mchafu. Umemuua mtoto wa watu kwa ajili ya miche, ukatumia kicheko chetu kufunika. Hata mjusi niliyemtoa kisimani alikuwa na heri."

Alianza kucheka nilipofika kwenye mikono. Kwenye mjusi alikuwa anajipiga mapaja, anakohoa, machozi yanamtoka. "Huyu ndiye mtani wangu!" anasema. "Nilikukosa mno huku Masasi, hakuna wa kunitukana namna hii! Endelea!"

Na ningeendelea mpaka jua lizame, angecheka mpaka jua lizame. Miaka yote ile ukuta kwa ukuta, kila nilichokisema kwa moyo wangu alikisikia hivyo. Na mimi alikuwa ameniweka mahali pangu, pamoja na Baba Zainabu na Mama Kosmasi, kwenye orodha ya wasioshitaki.

Nikasimama. Nikaivuta kanga yangu vizuri kichwani, nikapiga goti kama ninavyompigia baba yangu mdogo, na nikainamisha macho.

"Shikamoo, mzee."

Kicheko kikakatika. Akanitazama kuona kama nitacheka mimi.

"Mtani, acha hizo," akasema.

"Shikamoo, mzee."

Shikamoo kwetu haiachwi hewani; hata mtu uliyegombana naye anaiitikia, kisha mnaendelea kugombana. Yule mzee alitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali, akaitazama tena. "Wewe Myao," akasema kwa sauti ndogo, "nitukane kidogo basi, kabla hujaenda."

Nikachukua mkoba wangu nikamuaga kwa heshima zote. Nilipofika getini alikuwa bado hajaitikia. Nilipanda bodaboda mpaka stendi, na njiani nikakumbuka kwamba safari hii sikuwa nimemshika mkono, kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta maji ya kunawa.